Premio, tela na ndoo za asali

Fundi alikaa kwenye mdomo wa buti lililokuwa wazi, akajirusha mara mbili tatu mpaka gari zima likanesanesa, kisha akasimama akijipangusa mikono kwenye ovaroli.

"Umeona, kaka? Mimi mwenyewe nina kilo 80 na kitu. Hata halijalia. Tunachomelea hapa nyuma, kesho asubuhi unakuja unachukua gari lako."

Tulikuwa chini ya mwembe, kwenye gereji moja hapa Tabora mjini. Nilikuwa nimekwenda kuuliza kama Premio yangu ya 2003 inaweza kufungwa ndoano ya kuvutia tela dogo. Nilijiandaa kwa maswali: tela la ukubwa gani, mzigo gani, njia ipi. Sikuulizwa hata moja. Jibu la "hakuna shida" lilitoka kabla sijamaliza kueleza shida yenyewe.

Nikamshukuru, nikamwambia tutaonana.

Lakini kule kujirusha kwake kulinisumbua kwa wiki kadhaa. Alichofanya kilikuwa na mantiki yake. Mtu mzima, mzito kuliko uzito wowote ambao tela dogo lingeuweka pale nyuma, ameruka juu ya gari na gari halikulalamika. Kwa nini basi sikushawishika?

Nyuki ndani ya gari

Baba mdogo ana mizinga upande wa Sikonge, nami nina yangu michache ndani ya yake. Ukifika msimu wa kurina, ndoo zinatakiwa zije mjini. Kukodi kirikuu ndiyo njia ya wengi, na kwa hesabu ya pesa peke yake huenda ndiyo njia bora. Ila asali haifuati ratiba ya dereva. Mnaweza kumaliza kuchuja alfajiri, mnaweza kumaliza kesho yake jioni. Na dereva wa kukodi, akiona nyuki wanavyozunguka zile ndoo, ghafla hukumbuka ana safari ya Igunga.

Kwa hiyo miaka yote ndoo zimekuwa zikipanda kwenye buti na kiti cha nyuma cha Premio.

Aliyewahi kusafiri na asali anajua kwamba nyuki haachi mali yake kirahisi. Mmoja hujificha chini ya mfuniko, mwingine kwenye mkunjo wa gunia. Mkishika lami na gari likapata joto, wanaanza kutoka. Unaendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukitafuta kitufe cha dirisha, na pembeni yako mama mdogo amejifunika kitenge kichwa kizima kama bibi harusi, anakuuliza kwa sauti ya chini: "Ametoka?"

Tela lingemaliza habari hiyo. Watu mbele, asali nyuma, nyuki na upepo wao.

Ndoo ya maji, ndoo ya asali

Sisi husema "ndoo kumi tu". Na mtu akisikia ndoo, kichwani anaona ndoo ya maji, kilo 20. Asali si maji. Lita moja ya asali ina kama kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ina kilo 28. Ndoo kumi ni kilo 280, na hapo tela lenyewe bado halijapimwa.

Ile 28 ilinifanya nisimame kidogo. Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakienda na kurudi kati ya Tabora na Bagamoyo walibeba kila mmoja mzigo wa kama kilo 30, karibu frasila mbili, begani, safari ya miezi. Ndoo moja ya baba mdogo ni mzigo wa mpagazi mmoja. Nilichokuwa naiomba Premio ni ikokote msafara wa mizigo kumi, tena ikiwa imening'inizwa kwenye mkia wake.

Tela la chuma la kawaida, lenye bodi ya mbao, ekseli ya gari kuukuu na tairi za inchi 13, ni kilo 150 hivi. Jumla kilo 430. Gari lenyewe likiwa tupu lina kama kilo 1,150.

Uingereza, tela lisilo na breki zake mwisho wake ni kilo 750, au nusu ya uzito wa gari linalolivuta, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Sheria hiyo si yetu, lakini imetungwa na watu ambao saloon kuvuta tela kwao ni jambo la kila siku, kwa hiyo niliichukua kama kipimo. Nusu ya gari langu ni kilo 575. Nilikuwa ndani ya mstari, kwenye karatasi.

Karatasi haina mashimo wala rasta za barabarani.

Mgongoni, chini ya buti

Jumamosi moja nilitandika gunia, nikaingia chini ya gari na tochi. Nilitaka kuona kwa macho yangu mahali ambapo ndoano ingekaa.

Hilux au Land Cruiser ina chesi: vyuma viwili vinene kutoka mbele hadi nyuma, na bodi imekalishwa juu yake. Ukitaka kufunga ndoano, unajua pa kushika. Premio haina kitu hicho. Bodi ndiyo chesi. Ni mabati yaliyokunjwa, yakaunganishwa kwa vidoadoa vya kuchomelea, na nguvu yake yote inatokana na namna yalivyokunjwa. Nyuma, kila upande, kuna reli moja ya bati lililokunjwa kama boksi refu, ndani tupu. Nilipogonga kwa kucha ililia kama inavyolia: tupu.

Ule ukuta wa nyuma ambao fundi alinionyesha kwamba "tunachomelea hapa" ni bati tu la kufungia buti. Nyuma ya plastiki ya bampa kuna boriti nyembamba ambayo kazi yake ni kujikunja gari likigongwa. Yaani kitu kilichotengenezwa ili kikubali kuharibika, ndicho kilichopendekezwa kibebe tela.

Kulikuwa pia na vile vishikio vya chuma huko chini, ambavyo vijana wa mtaani kwangu huvitumia kuvutia magari yaliyokwama kwenye mchanga. Rafiki mmoja alikuwa ameshanishauri: "Si ufunge hapo tu kwa muda?" Vingi vya vile ni vya kufungia gari lisicheze likiwa kwenye meli. Vinashika gari lililosimama. Kuvuta ni kazi nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini kule kujirusha hakukunishawishi. Fundi alipima kitu kimoja: uzito unaokwenda chini, mara chache, gari likiwa limesimama. Tela halifanyi hivyo. Linavuta ukiondoka, linasukuma ukifunga breki, linapinda kona, linaruka tuta baada ya wewe kuruka, na kwenye kila rasta linarudia. Chuma kinaweza kubeba mzigo mkubwa mara moja bila tatizo, halafu kikapasuka kwa mzigo mdogo uliorudiwa mara elfu nyingi. Na huanza kupasuka pale pale kilipochomelewa, mahali ambapo moto umekibadilisha na kuunguza rangi iliyokuwa ikizuia kutu.

Kilo 45 zinazohama

Tela la ekseli moja halitakiwi kuwa na mizani sawa. Shingo yake, kile chuma kirefu cha mbele kinachofika kwenye ndoano, inatakiwa ilalie kidogo kwenye gari. Wamarekani husema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela, Ulaya wanaridhika na pungufu ya hapo. Nilichukua asilimia 10 na kidogo: kilo 45.

Kilo 45 ni nini? Mtoto wa darasa la sita.

Lakini goroli ya ndoano, ile chuma ya mviringo ambayo shingo ya tela hukalia, haikai juu ya tairi za nyuma. Inakaa kama mita moja nyuma yake. Premio ina mita 2.7 kati ya tairi za mbele na za nyuma. Fanya hesabu ya wenzo, ile ya shule: kilo 45 zikikaa mita moja nyuma ya ekseli, mbele kunanyanyuka kama kilo 17, na nyuma kunaongezeka kama kilo 62. Ongeza abiria wa nyuma na begi kwenye buti.

Sasa kumbuka gari hili linavutwa na tairi za mbele. Zinazovuta ni hizo, zinazokata kona ni hizo, na zinazofanya kazi kubwa ya breki ni hizo hizo. Ndizo nilizokuwa nikizipunguzia uzito. Kwenye lami huwezi kugundua. Kwenye ile njia ya mchanga ya kwenda kwenye mizinga utagundua mita ya kwanza, tairi zikianza kuchimba. Na usiku pua ikinyanyuka, taa zako zinampiga machoni kila anayekuja mbele yako.

"Lina breki?"

Mtu aliyenigeuza kichwa ni fundi mzee mmoja ambaye zamani alifanya kazi reli. Tabora hawa bado wapo, na wana namna yao ya kutazama chuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo gari linaumwa nini?"

"Haliumwi. Nataka livute tela."

Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Lina breki?"

"Gari?"

"Tela."

Nikamwambia halina. Hakusema kitu. Akachukua kigoda, akakaa, akanionyesha na mimi kingine.

"Mwanangu, kuvuta siyo kazi. Hata baiskeli inavuta. Injini yako itavuta. Mimi nauliza, ng'ombe akikatiza mbele yako pale, hizo ndoo zinasimamishwa na nani?"

Tangu mwanzo kila mtu, pamoja na mimi, alikuwa akiuliza kama gari litavuta. Injini ya Premio ile, 1NZ ya cc 1,500, ina nguvu farasi 109 ikiwa mpya. Na Tabora ni tambarare. Hatuna milima kama Sekenke hapa wala Kitonga. Swali la kuvuta lilikuwa limekwisha kabla halijaulizwa.

Breki ni habari nyingine. Zile zile nne zilizotengenezwa kwa gari na abiria wake sasa zina kilo 430 zaidi zinazosukuma kutoka nyuma, na zinasukuma kupitia goroli moja. Ukifunga breki kwa nguvu kwenye kona, ule msukumo haukuelekezi unakotaka kwenda. Unasukuma mkia wa gari pembeni.

Kilichonituliza kidogo ni mwendo. Nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima haipungui sawasawa na spidi, inapungua kwa mraba wake. Ukishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60, umepunguza karibu nusu ya kazi. Kwa hesabu hiyo, Premio yenye tela ikienda 60 breki zake zina kazi ndogo kuliko Premio tupu inayokwenda 80.

Nilimwambia mzee hesabu hiyo. Akasema, "Basi uende sitini. Na padi mpya."

Bolti zenye namba

Mzee alikataa kuchomelea chochote kwenye bodi. Tangi la mafuta liko chini ya kiti cha nyuma, hatua moja kutoka pale, na tangi la petroli lililopungua ni hatari zaidi ya lililojaa, kwa sababu ya mvuke. Halafu bati lile ni jembamba, ukilichomelea pleti nene unapata sehemu ngumu sana karibu na sehemu dhaifu, na ufa unajua pa kuanzia.

Alichomelea ndoano pembeni, mezani, mbali na gari: bomba la mraba lenye kuta nene, likipita kushoto kwenda kulia chini ya buti, na mikono miwili ya pleti inayolala kwenye zile reli. Katikati, goroli ya milimita 50, ile inayokaa kwenye mdomo wa tela nyingi. Ekzosi ilibidi isogezwe kidogo isiguse.

Nilikaa muda mrefu kutazama jambo moja ambalo peke yangu nisingelifikiria. Reli ile ni boksi tupu. Ukipitisha bolti kutoka juu hadi chini na kukaza, unalibana boksi. Linabonyea, bolti inalegea, unakaza tena, linabonyea zaidi. Mzee alikata vipande vya bomba dogo vyenye urefu sawasawa na kina cha reli, akavipitisha ndani, bolti zikapita katikati yake. Ukikaza, unabana bomba, siyo bati. Juu, ndani ya buti, akaweka pleti pana za milimita 6 ili nguvu isikae kwenye tundu moja.

Na bolti. Nilikuwa nimeleta mfuko wa bolti kutoka duka la vifaa, zinang'aa vizuri. Akageuza kichwa cha moja, akaniuliza namba iko wapi. Hakuna. Akazirudisha mfukoni bila kunitukana, kitu ambacho nilikishukuru. Alitaka zilizoandikwa 8.8 kichwani. Namba ya kwanza inataja nguvu ya kukatika: kama megapaskali 800. Ya pili inasema itaanza kunyooka ikifika asilimia 80 ya hiyo. Bolti isiyo na namba huenda ikawa nzuri, huenda ikawa ya kufungia kabati. Hutajua mpaka siku yake.

Kila tundu lilipakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya bolti kuingia. Nilielekezwa nirudi baada ya safari ya kwanza akaze upya, na nilirudi. Mbili zilikubali robo ya mzunguko.

Wauzaji wa ndoano huko Marekani wana madaraja, na la chini kabisa ni la kama kilo 900. Mtu akisoma hivyo anadhani gari lake sasa linavuta kilo 900. Namba ile ni ya ndoano. Inayotawala ni namba ndogo kuliko zote kwenye mnyororo mzima, na kwangu ndogo haikuwa chuma cha mzee. Ilikuwa breki na springi za nyuma.

Waya saba

Umeme ulikwenda haraka. Soketi ya pini saba, waya za taa za nyuma, breki, indiketa kushoto na kulia, na waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, ambao watu huudharau kwa kudhani ndoano itapitisha umeme. Goroli yenye grisi na kutu haipitishi kitu cha kutegemea. Nusu ya matatizo ya taa za matela ni huo waya mmoja. Kijana wa umeme aliweka rilei ili taa za tela zisipitie kwenye swichi za gari. Balbu moja ya breki ni wati 21, na swichi hazikupangiwa wageni.

Tela lenyewe husajiliwa na kupata kibao chake cha namba, kama mnavyoona kwenye malori. Nikaongeza bima, viakisi mwanga pembeni na minyororo miwili inayopishana chini ya shingo, ili tela likichomoka mdomo udondokee kwenye minyororo badala ya kuchimba lami. Trafiki wa kwanza aliyenisimamisha alizunguka mara mbili, akaomba nikanyage breki, akapiga indiketa zote. Halafu akauliza asali bei gani.

Mizani

Safari ya kwanza hatukupakia kwa mazoea. Baba mdogo ana mizani ya jukwaa ya kupimia asali. Tuliweka gogo juu yake hadi urefu wa goroli, tukalaza shingo ya tela juu ya gogo, tukaanza kupanga ndoo.

Ndoo zote nyuma ya ekseli: mizani haikusoma kitu. Shingo ilinyanyuka yenyewe.

Hilo ndilo tela la kuogopwa. Shingo nyepesi ikifika spidi fulani huanza kuyumba, kushoto, kulia, kila yumbo likiwa kubwa kuliko lililopita, na mwishowe ndilo linaloendesha gari. Dereva akifunga breki kwa hofu anazidisha. Inayosaidia ni kuachia mafuta taratibu, usukani umeushika sawa, mpaka lichoke.

Tukasogeza ndoo mbele, moja moja. Kila ndoo iliyosogea nusu mita mbele iliongeza kama kilo 6 shingoni. Baba mdogo, ambaye mwanzoni alikuwa anatuangalia kama watu tusio na kazi, alianza kukisia kabla ya mizani, na akawa anakaribia sana. "Hiyo irudi kidogo. Hapo." Arobaini na nne.

Tukapiga alama za chaki kwenye bodi ya tela. Kila ndoo na kituo chake. Mama mdogo akasema sasa asali ina siti namba.

Lami ya Sikonge

Kutoka Sikonge hadi Tabora ni kama kilomita 70. Nilibonyeza O/D OFF, kile kitufe kinachozuia gia ya nne, ambacho sote tumefundishwa tusikiguse kwamba kinakula mafuta. Kinakula, kidogo. Lakini gia ya nne ikiachwa huru na mzigo nyuma, giaboksi inahangaika, inaingia, inatoka, inaingia, na kila mahangaiko ni joto kwenye oili yake. Joto ndilo linaloua giaboksi za otomatiki.

Sitasema nilisahau kwamba kuna tela. Nililisikia muda wote. Kwenye kila tuta gari linaruka, kisha kunakuwa na ukimya mfupi, kisha kibega kidogo mgongoni. Basi likikupita kwa kasi, upepo wake unalishika tela kwanza na wewe baadaye. Unaanza kutazama mbali zaidi kuliko ulivyozoea. Mbuzi aliye mita mia mbili tayari ni habari.

Shaka yangu moja haijaisha. Shokapu za nyuma zimefanya kazi ambayo hazikuiomba, na sijui zitadumu hadi msimu wa ngapi. Bolti nazikagua, reli nazipiga tochi kutafuta ufa. Kwenye mchanga wa kule kwenye mizinga hatuingii na tela lililojaa. Linabaki kwenye barabara kuu na ndoo zinaletwa kwa pikipiki, mbili mbili. Inachosha, lakini ile hesabu ya kilo 17 zilizotoka tairi za mbele nimeiamini.

Nyuki walikuja nasi hadi mjini. Safari hii kila mmoja kwa nauli yake, nje.

Shemeji

Habari zimeenea. Jirani ameulizia kuhamisha kabati. Mtu wa kanisani ameulizia viti vya harusi. Hao sina neno nao, viti vya plastiki havina uzito.

Shemeji yangu anajenga. Jana kapiga simu, salamu ndefu kuliko kawaida, mpaka nikajua kuna jambo.

"Shemeji, lile tela lako lina upana kiasi gani?"

"Unataka kubeba nini?"

"Kokoto kidogo tu. Mara moja."

Kokoto hazipungui kilo 1,400 kwa mita moja ya ujazo. Tela likijaa nusu tu tayari limeshapita uwezo wa gari. Nimempa namba ya mwenye kirikuu na nimeahidi kuchangia nauli.